Sauti ya Chumba cha Picha

Aota ya Mzee Sikazwe, mshipa mkuu utokao moyoni, ilielea hewani mbele ya Daktari Tusekile, ikidunda kwa mapigo ya moyo uliokuwa Sumbawanga. Yeye alikuwa Dodoma. Kisomapicha, mtambo uliounganisha maelfu ya picha za mkato kuwa mwili mmoja wa nuru, kilikuwa kimemaliza kazi yake kabla daktari hajaketi.

Aliinama akautazama mshipa ule mkuu. Tabaka la ndani la ukuta wake lilikuwa limechanika karibu kabisa na moyo, damu ikajipenyeza katikati ya ukuta na kujichimbia njia ya uongo kando ya njia halisi. Mchaniko wa mahali pale hausubiri. Asipopasuliwa upesi, mgonjwa hufa.

"Mshipa wa shingo wa kushoto umeziba," Kisomapicha kilisema kwa upole. "Nusu ya ubongo inayotunza maneno haipati damu. Upasuaji haupendekezwi. Mikono ya chuma ya upasuaji nimempangia mgonjwa anayefuata."

"Kuna mtu aliyeongea naye?"

"Hakuna haja. Picha inatosha."

Tusekile alikuwa daktari wa mwisho katika kituo kile cha kusoma picha za wagonjwa wa mbali. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, vikabaki viti. Kwa miaka mingi alikuwa ameona mioyo ya watu, maini yao, mawe ya figo zao, asione uso hata mmoja. Sheria ilimbakizia kitu kimoja tu: haki ya kupinga uamuzi wa mtambo.

Aliivuta picha, akaizungusha, akaifuata mishipa hadi chini ya ubongo. Huko kulikuwa na vijia vyembamba vya damu kutoka upande wa kulia, vimepokea kidogo mno ile dawa ya rangi inayoonyesha damu ipitapo. Huenda vilitosha kulisha upande wa pili. Huenda havikutosha.

"Nifungulie sauti ya chumba chake," alisema.

Zikasikika pumzi za mtu mwenye maumivu.

"Shikamoo, mzee."

Hakujibiwa. Tusekile alikaza macho kwenye vijia vile kana kwamba angeweza kuvipanua kwa kuvitazama. "Shikamoo, mzee," alirudia.

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti dhaifu, lakini kila neno lilitoka zima.

"Hebu nyanyua mkono wa kulia."

Vitambuzi vya kitanda vilionyesha mkono ukipanda.

"Napinga," Tusekile alikiambia Kisomapicha. "Rudisha mikono ya chuma kwake."

"Taja sababu."

"Ameitikia salamu."

Mtambo ukatii.

"Mwanangu," mzee aliita, "bado upo?"

"Nipo."

"Usiniache. Hapa hakuna mtu. Mgongo unauma kama unapasuliwa kwa shoka."

"Siendi popote. Niambie, leo umekula nini?"

Mzee alikuwa amekula ugali kwa kauzu, dagaa wale wakavu, akipika mwenyewe tangu mkewe afariki. Alikuwa fundi wa pampu za maji. Alieleza jinsi pampu inayovuja ndani inavyomdanganya fundi, ikinguruma vizuri huku bomba likiwa kavu, na Tusekile akamuuliza mtu huitambuaje. Mzee alianza kujibu, dawa ya usingizi ikamkatiza katikati ya sentensi. Tusekile aliketi akitazama mikono ya chuma ikiondoa kipande kilichochanika na kushonea bomba la kitambaa mahali pake.

Mzee alipona. Tusekile akaomba likizo, ya kwanza tangu wenzake waondoke, akapanda basi hadi Sumbawanga. Alimkuta wodini, ameketi kitandani, mfupi kuliko alivyomdhania, ana mvi na macho ya ucheshi. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyeongea na wewe siku ile, kabla ya upasuaji."

Mzee alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesahihisha mtoto.

"Ile ilikuwa mashine, mama. Muuguzi amenieleza, hospitali hii haina daktari wa picha. Siku hizi mashine zinaongea kama watu kabisa. Ile ilikuwa na huruma, nakwambia. Iliniuliza hata chakula."

Tusekile angeweza kumtajia kauzu, na pampu. Aliona jinsi mzee alivyoishukuru mashine yake, akaamua kumwachia.

"Wewe umekuja kumwona nani?" mzee aliuliza.

"Wewe."

Mzee alishangaa. Alitazama kile kiti cha wageni kando ya kitanda, ambacho bado kilikuwa na nailoni ya kiwandani.

"Basi kaa," alisema. "Mimi sijapata mgeni tangu nije."

Tusekile akavuta kiti, akaketi.