Saa Thelathini za Mjomba Kasimiri

Nianze kwa kukiri: siku ile mjinga nilikuwa mimi, Masalu, mwanafunzi wa darasa la sita na bingwa wa hesabu wa mtaa wetu wa Makanyagio kwa kujitangaza mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1996. Nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kumtania Mjomba Kasimiri, mdogo wake mama. Mjomba alikuwa rubani msaidizi, yule anayeendesha ndege akiwa ubavuni mwa kapteni. Kampuni yake ya Dar es Salaam ilikuwa imefungwa, naye akaja kukaa kwetu Mpanda huku akiomba kazi nje ya nchi. Alikuwa ameandika barua kumi na moja bila kujibiwa hata moja. Wakati akisubiri, alitufyatulia tofali.

"Kapteni, leo tunatua wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye matope," alijibu. "Funga mkanda."

Mikono yake ilikuwa imejaa udongo, kwa hiyo alinituma mimi posta. Bahasha ilikuwa na fomu ya shirika dogo la ndege la Botswana. Hakuwa ameifunga kwa sababu gundi yake ilikuwa imekauka. Ningepaka gundi ya posta.

"Wahi," alisema. "Barua zinaondoka na treni ya leo. Tukisubiri treni nyingine, siku yao ya mwisho itapita."

Njiani nikaichungulia. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini tarakimu nilizisoma. Tangazo la kazi lililobanwa kwenye fomu lilitaka rubani aliyeruka saa 1,500. Mjomba alikuwa ameandika 1,470. Akose kazi kwa saa thelathini tu? Nilitoa kalamu yangu ya buluu, nikaifunga ile nne kwa juu, ikawa tisa: 1,970. Kazi safi kabisa. Dada Verdiana wa posta akagonga mhuri, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

"Mjomba, nimeshakusaidia," nikamweleza yote.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliweka chini kalibu ya kufyatulia, akakaa juu ya tofali mbichi, akaliponda bila kujua.

"Nimeambatanisha nakala ya kitabu changu cha saa za kuruka," alisema polepole. "Kila safari imeandikwa humo. Wakilinganisha, mimi ni mwongo. Na marubani tunajuana, Masalu. Nikiitwa mwongo Botswana, na Nairobi watasikia."

Baba, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli, alicheka. "Achana nayo, shemeji. Pengine hawatalinganisha, ukapata kazi."

"Nikiipata hivyo, shemeji, kila siku nitaruka nikiwaza nani amefungua kile kitabu. Naomba hiyo baiskeli."

Tulifika posta mimi nimekaa nyuma, tairi likipumua. Verdiana alitikisa kichwa. "Mfuko umeshapigwa lakiri. Siwezi kuufungua hata kama ndani kuna barua ya mama yangu. Ila mfuko wa rejista, wa barua za kusajiliwa, bado uko wazi, nao unaondoka na treni hiyo hiyo."

"Basi naomba karatasi, dada."

Mjomba aliandika barua ya pili palepale dirishani, udongo ukidondoka mikononi mwake. Alipomaliza alinisomea kwa Kiswahili: tarakimu iliyo kwenye fomu yangu si ya kweli, imebadilishwa na mpwa wangu, saa zangu ni 1,470, pungufu ya mnazotaka kwa thelathini.

"Weka sahihi hapo chini," aliniambia.

"Mimi tena?"

"Nani aliifunga ile nne?"

Ilikuwa sahihi yangu ya kwanza duniani.

Majuma sita yalipita. Mjomba akamaliza tofali za chumba kizima, nami nilizibeba zote bila kulalamika. Utani ulikuwa umeniisha. Halafu jibu likaja. Mjomba alilisoma mara mbili, kisha akatutafsiria mezani. Waombaji walikuwa wengi, na wengine walikutwa wamejiongezea saa. Aliyeandika kujipunguzia ni yeye peke yake. Wanamwita kwenye mtihani. Akifaulu, ataruka kwanza saa thelathini akisimamiwa na mwalimu kabla ya kukabidhiwa abiria.

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Mjomba alinigeukia. "Umeona? Zile saa ni kwa ajili ya watu watakaokaa nyuma yangu. Sina ruhusa ya kuwadanganya."

Niliitikia kwa kichwa. Lakini baba hakuwa mtu wa kushindwa mapema.

"Kumsumbua mtu mzima namna hii," alinung'unika. "Saa thelathini tu. Zisingekuwepo, nani angekufa?"

Mama aliweka sufuria ya ugali mezani. "Baba Masalu, juzi umetembea kwa miguu kutoka Misunkumilo, eti pikipiki mpya ya jirani Maduhu huipandi mpaka aizoee. Na ile inapita chini."