Yeyote wa Nyumbani Kwangu

Haya hayakumpata jirani wa rafiki wa mtu. Yalimpata mdogo wangu, tumbo moja, kwenye nyumba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nafagia. Atakayeguna na agune, ila asinikatize.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa kwenye cherehani yangu sebuleni, nashona sare ya shule ya Chiriku, binti wa mdogo wangu, miaka saba. Jina la Chiriku nilimpa mimi kwa sababu maneno yalikuwa hayamwishi. Hata akipiga mswaki anaongea. Mama yake alifariki mtoto bado ananyonya, ndipo nikahamia pale kumlea. Baba yake ni fundi wa lifti. Kazi anaiweza, sikatai, lakini akirudi nyumbani akili yote iko kabatini.

Ndani ya kabati hilo la kioo walisimama askari sita wa plastiki, kila mmoja anatosha kiganjani, wamevaa mavazi ya anga za juu na bunduki za miali. Walitoka kwenye gemu la kompyuta liitwalo Kikosi cha Zuhali, alilolicheza tangu ujana. Kikosi kina watu saba. Yeye alikuwa na sita. Wa Saba, rubani, walitengenezwa wachache mno, na mdogo wangu alikuwa amemsaka miaka tisa.

"Kidoli chako cha pembeni kimeinama," nilimwambia asubuhi hiyo.

"Dada, nikwambie mara ngapi? Siyo kidoli, ni askari. Na siyo kimeinama. Ameinama."

"Ala! Plastiki nayo siku hizi ni mtu?"

Chiriku alicheka mpaka akamwaga vifungo vyangu sakafuni. Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile, utani haukauki.

Wakusanyaji hao wana kikundi chao kwenye simu. Wanabadilishana: unaandika unayemtaka na unayemtoa. Mdogo wangu aliandika huku akisoma kwa sauti, amejaa majivuno. "Natafuta wa Saba. Atakayenipa, achague yeyote wa nyumbani kwangu."

"Si useme chochote, kama watu wengine?" nikamuuliza.

"Chochote ni sufuria, dada."

Jibu lilikuja hata hajaiweka simu mezani. Aliyeandika alijiita Mkamilishaji. Aliuliza neno moja tu: "Yeyote?" Mdogo wangu akajibu yeyote. Akaulizwa tena. Akajibu tena, anacheka. Akaulizwa mara ya tatu, na mara hiyo akaandika, "Yeyote, ndugu yangu, hata sasa hivi." Chiriku alikuwa chini ya meza anaokota vifungo, anaimba.

Jumanne tulikuta boksi mlangoni. Halikuwa na stempu wala anwani, na hakuna jirani aliyemwona mleta. Ndani alikuwa wa Saba, safi kabisa, kwenye boksi lake lenye dirisha la plastiki. Mdogo wangu, mwanaume mzima, alilia. Siku mama yetu anazikwa hakulia vile.

"Na yeye kachagua yupi?" nilimuuliza.

"Bado. Atachagua."

Siku hiyo Chiriku hakumaliza chakula chake, na wala hakuongea. Nikadhani ni homa.

Alhamisi alivaa sare, nami nikashangaa. Gauni lililokuwa magotini Jumatatu lilikuwa limeshuka hadi nusu ya ugoko. Nikachukua futi. Bega hadi goti: inchi ishirini na moja. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika ishirini na nne. Nikajilaumu, nikasema uzee umeanza, sasa hata kupima siwezi. Nikakunja pindo, nikashona upya.

Jumatatu iliyofuata lilikuwa linaburutika sakafuni.

Inchi kumi na tatu. Nilipima mara nne. Chiriku alisimama tuli, mikono ameiachanisha kidogo na mwili, kama nilivyomwacha. Nilipomwambia akae, goti lake lililia. Tik. Na la pili. Tik.

"Inauma, mwanangu?"

"Hapana, shangazi," alinong'ona. "Haiumi popote. Ndiyo naogopa."

Nilimvua nguo nimwogeshe. Ubavuni, kuanzia kwapani hadi nyongani, kulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka. Upande wa pili vilevile. Nikaufuata kwa kidole. Ulipita nyuma ya sikio, ukapanda utosini, ukashukia upande wa pili. Jamani, nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mbili. Mshono naujua. Ule ulikuwa mshono.

Nilimbeba hadi kwa baba yake. Alikuwa mbele ya kabati na brashi ndogo, anawafuta vumbi askari wake.

"Uliandika nini kwa yule mtu?" nilimuuliza. "Yeyote wa nyumbani kwako. Yeyote! Amekuja kuchagua, baba. Amechagua."

Alimtazama mwanawe. Kisha, kwa heshima ya damu yetu niseme ukweli, aliitupa brashi akachukua simu. Akaandika haraka kwamba alikuwa anazungumzia askari, achukue askari, achukue hata wote sita.

Jibu likaja: "Ungekuwa unatoa kidoli, ungeandika 'chochote'."

Likaja la pili: "Mrudishe wa Saba. Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Awe ndani ya boksi lake, mlangoni. Mtoto atabaki."

Nilipiga magoti nikashukuru. Kumbe nilikuwa sijamjua mdogo wangu.

Jumatano nikamwambia tumrudishe. Akasema kesho, anataka kumpiga picha ya kumbukumbu. Alhamisi akasema Ijumaa si ipo? Chiriku sasa alikuwa analala kwenye droo ya cherehani yangu, juu ya vipande vya kitambaa. Alikuwa hapepesi macho, na ngozi yake ilikuwa baridi na ngumu kama plastiki. Nilikuwa namtilia maji mdomoni kwa pamba. Baba yake alikuwa akipita pale anageuza uso, halafu anasimama tena mbele ya kabati, anawahesabu. Mmoja hadi saba.

Ijumaa asubuhi alinikabidhi boksi, limefungwa karatasi vizuri, gundi kila upande. Macho yalikuwa yamemvimba. Nikamwonea huruma, mpumbavu mimi. Niliweka boksi kizingitini saa tano na nusu, nikafunga mlango, nikarudi kwa mtoto.

Saa sita kasoro dakika kumi, Chiriku alipepesa.

Nikamshika mguu. Ulikuwa wa moto. Ngozi, siyo plastiki, ngozi! Akafungua mdomo. "Shangazi," alisema, "nina njaa." Loh, nililia kwa sauti. Nilimwambia nakuletea uji sasa hivi, mama, usiondoke hapo.

Simu ya mdogo wangu ikalia mezani. Niliisoma mimi. "Huyu siye."

Nilikimbia mlangoni. Boksi lilikuwa palepale. Nilirarua karatasi. Ndani ya boksi la wa Saba alikuwa amelala wa Tano, kapakwa rangi ya fedha, rangi yenyewe haijakauka vizuri. Iliniganda vidoleni.

"Yuko wapi?" Nilimkaba shingo mdogo wangu, aliyekuwa amenifuata mlangoni. "Yuko wapi!"

"Nilidhani hatagundua," alisema. Alikuwa analia. "Dada, miaka tisa. Nilidhani hatagundua."

Nilimpekua. Alikuwa amemficha ndani ya shati, kifuani, amembana na mkanda wa suruali. Nilimnyang'anya nikageuka nikimbie. Nikasikia kutoka sebuleni, "Shanga—"

Ikakatika hapo.

Ilikuwa saa sita kamili. Ndani ya droo kulikuwa na vipande vya kitambaa na alama ya mwili uliokuwa umelala. Niliigusa. Bado ilikuwa na joto.

Polisi walitafuta wiki tatu. Waliniuliza maswali mimi zaidi kuliko baba yake. Ningewaambia nini? Sikuhama. Watu wananiuliza unakaaje na mtu yule, nami nawaambia sikai naye. Nakaa na nyumba. Mtoto akirudi, atarudi pale. Yeye nilikuwa simsemeshi, na kabati hakulifunga hata siku moja. Wote saba walikuwa wamesimama.

Jumapili iliyopita, mchana, simu yake ililia. Akaitazama, akakaa chini. Nikamwendea.

Ilikuwa picha. Boksi jipya, dirisha la plastiki, maandishi ya dhahabu: wa Nane. Aliyekuwa ndani alikuwa amefungwa waya mikononi na miguuni, mdomo wazi kidogo. Nilimlea mimi. Sihitaji kuambiwa ni nani. Na mbele ya mdomo wake, upande wa ndani wa plastiki, kulikuwa na duara dogo la ukungu. Lile duara analoacha mtu akipumua karibu na kioo.

Chini yake Mkamilishaji ameandika: "Natoa huyu. Nachukua mtu mmoja wa nyumbani kwako. Jibu upesi, hewa ni kidogo."

Sikufikiri hata mara moja. "Mwandikie anichukue mimi," nilimwambia. "Nitaje mimi, dada yako. Andika sasa hivi."

Alianza kuandika. Vidole vilikuwa vinakwenda mbio. Nilikuwa namwona mtoto wangu amerudi, anaongea na mswaki mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile nilimwekea mdogo wangu mkono begani.

"Umeandika?"

"Ngoja kidogo, dada. Nimemuuliza kwanza kama boksi lina mikunjo."

Tulingoja. Sijui dakika ngapi. Picha ya pili ikaja, imepigwa kwa karibu, pembe zote nne zinaonekana. Mimi nilitazama plastiki ya dirisha. Ilikuwa kavu, inang'aa, haina ukungu wowote. Mdogo wangu alitazama pembe, moja baada ya nyingine, akashusha pumzi.

"Halina hata mkunjo mmoja," akasema.