Jiwe la Mokeira na Ndimu za Ijumaa

Siku ya soko pale Homa Bay, mwaka wa 1965, Nchagwa alimkanyaga mguu Mokeira, mwuza samaki, kwa sababu alikuwa akitazama gauni lake la buluu badala ya njia.

"Kaka, macho yako umeacha nyumbani?" Mokeira akamwuliza.

"Hapana, dada. Umeyachukua wewe sasa hivi."

Mokeira akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Nchagwa.

Nchagwa alikuwa mchimba shaba upande wa Migori. Penye shaba hupatikana malakiti, jiwe la kijani lenye mistari kama kitunguu kilichokatwa. Si kito cha matajiri, lakini likisuguliwa hung'aa. Nchagwa aliokota moja, akalikata mapande mawili. Moja akalivaa shingoni, la pili akamletea Mokeira.

"Wazee wa mgodini wanasema hii jiwe inalinda wenye kupendana. Lakini ukiniacha, inapoteza mwangaza."

"Mpenzi, sisi Wasabato hatuvai mapambo. Nitaitunza tu."

Akalifunga kwenye pindo la leso yake ya sokoni.

Miezi ikapita. Mgodi ulipokaribia kufungwa, Nchagwa alikuja kumposa. Kabla hajatamka la posa, akaomba kuliona jiwe. Lilikuwa limepauka kama kokoto ya mtoni. Moyo ukampasuka.

"Ni nani huyo umempenda, Mokeira? Jiwe haidanganyi."

Wivu hauna macho, jamani! Machozi yakamlenga Mokeira.

"Ilikuwa inanuka samaki. Kila Ijumaa, kabla jua izame, naosha mikono na ndimu nikaribishe Sabato. Na jiwe pia naosha. Ningekubeba kanisani ukinuka?"

"Hiyo ni hadithi," Nchagwa akasema, akageuka aende zake.

Mokeira akamshika shati, akalivuta lile jiwe la kifuani pake, akalikamulia ndimu aliyokuwa nayo ya kuoshea mikono. Likatoa vipovu vidogo. Alipolipangusa, mng'aro haukuwapo.

"Haya, Nchagwa. Na wewe ni nani huyo umempenda?"

Nchagwa aliona haya mpaka masikioni. "Nisamehe, mpenzi. Lete yako niisugue upya."

"Wacha hivyo. Hizo ni Ijumaa zangu zote."

"Basi njoo nayo kwetu Ntimaru, uwe bibi yangu."

Mokeira akajipangusa machozi, akalifunga jiwe tena kwenye leso.

"Huko kwenu kuna ndimu?"

"Hakuna," Nchagwa akasema. "Lakini nitapanda."