Waliohamia Darasa la Pili

Ilikuwa mwaka 1974. Kila asubuhi Alois na mama yake, Paskalia, walilima kabichi kwenye mteremko juu ya Mzumbe. Ikifika saa kumi jioni, Alois alinawa udongo, akavaa shati jeupe, akaenda kufundisha watu wazima kusoma. Alikuwa mwalimu wa kujitolea. Hakuwa na mshahara, lakini akiitwa "mwalimu" njiani, hata mwendo wake ulibadilika.

Alifundishia kwenye shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto. Alois alikuwa na sheria moja aliyoitunga mwenyewe. Anayekosea kusoma husimama na kumwamkia shikamoo yule aliyepatia, hata kama ni mdogo kwake.

"Aibu inafundisha," alipenda kusema.

Siku moja mama yake alisoma "kabati" badala ya "kabichi". Alois hakutaka kuonekana ana upendeleo.

"Sheria ni sheria, mama," alisema.

Paskalia akasimama, akamwamkia Hidaya, binti wa miaka kumi na minane. Hidaya aliinamisha kichwa, akashindwa kuitikia. Darasa likacheka. Paskalia naye akacheka. Wiki iliyofuata akasema mgongo unamuuma, hawezi tena kukaa darasani.

"Pole, mama," alisema Alois. Wala hakujiuliza mbona mgongo huohuo unashinda shambani.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mwalimu mwingine wa kujitolea. Jina lake Pili. Yeye alifundishia kwenye baraza la ghala la kijiji. Mwanzoni alikuwa na watu wachache sana. Sasa baraza lilijaa mpaka wengine walikaa kwenye ngazi, na kwa Alois walibaki watu sita. Ukiwauliza waliohama wako wapi siku hizi, walijibu kwa utani:

"Tumepanda, mwalimu. Sasa tuko darasa la Pili!"

Utani huo ulimwasha Alois kama upupu. Alikuwa na wivu. Tusifiche, alikuwa na wivu mpaka ugali haushuki. Watu wakicheka kule ng'ambo, chaki ilimkatikia mkononi.

"Anawanywesha togwa yule," alimwambia jirani yake, Severini. "Watu wanafuata togwa, hawafuati herufi."

"Umeiona hiyo togwa?"

"Sijaiona. Lakini ipo."

Halafu mwenyekiti wa kijiji akamwita.

"Alois, nakupa mwezi mmoja. Darasa likiwa bado na watu sita, tutalifunga. Wote wataenda kwa Pili."

Alois alirudi nyumbani amenuna. Kufungiwa darasa ni jambo moja. Kufungiwa kwa ajili ya Pili, hilo hakuweza kulimeza.

Wiki hiyohiyo alikuja mgeni, Ndugu Modesta, mwalimu wa chuo. Alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyojisikia wanapofundisha na wanapojifunza. Alikaa nyuma, akaangalia somo la Alois mwanzo hadi mwisho. Mzee Andrea alikosea neno, akasimama, akamwamkia Hidaya. Watu walipoondoka, Modesta alimuuliza Alois:

"Mwalimu, wewe unajisikiaje ukiwa darasani?"

Alois alishangaa. Wakaguzi huuliza umefika ukurasa wa ngapi. Hili la moyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nina wivu, ndugu," alisema, na mwenyewe akashtuka kujisikia. "Nina wivu na Pili. Usiku silali. Nikiingia darasani nina hasira na hawa sita, na wao ndio hawakuniacha."

"Afadhali umesema. Mwalimu mwenye kinyongo hufundisha kwa kinyongo, hata asipotaka. Kesho twende kwa Pili. Ukakae kama mwanafunzi."

"Mimi? Kwa Pili?"

"Kwani unaogopa togwa?"

Alois akaona haya. Kumbe Severini hana siri.

Kesho yake wakavuka kijito. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na togwa haikuwepo. Lakini kilichomsimamisha Alois ni kitu kingine. Katikati ya baraza alikaa mama yake, kitabu mapajani, mgongo umenyooka.

Wivu ulimpanda. Hata mama!

"Karibu, mwalimu," alisema Pili. "Leo tunaandika maneno ya ususi wa mikeka. Kwanza tunasuka. Mama Paskalia ndiye mwalimu wetu."

Alois alipewa ukindu, majani makavu ya kusukia. Alisuka vibaya. Alirudia, ikawa vibaya zaidi. Jasho lilimtoka. Aliona kama watu wote wanamtazama vidole, na kadiri alivyoona hivyo, vidole vilizidi kusahau njia. Alisubiri kuchekwa.

Hakuna aliyecheka.

"Fumua, mwanangu," alisema mama yake polepole. "Hapa umeruka mmoja. Anza tena, nipo."

Alois akafumua. Mara ya tatu ukili, ule mkanda wa msuko, ukakaa sawa.

Wakati wa kurudi, alimuuliza mama yake, "Mama, mgongo je?"

Paskalia akajibu:

"Mgongo ni mzima. Siku ile nilicheka ili usione ninavyoumia. Nikaenda nyumbani na zile herufi chache nilizozijua zikanipotea. Nikifungua kitabu, naona watu wanacheka."

Alois alilia. Modesta alimwacha alie, kisha akasema:

"Sikiliza, mwalimu. Mtu mwenye aibu anahangaika na aibu yake, hana nafasi ya herufi. Mtu mzima amezoea kuheshimiwa. Ukimvunjia heshima, hatakugombeza. Ataugua mgongo."

Siku iliyofuata Alois alisimama mbele ya darasa lake. Aliifuta ile sheria na kuwaomba radhi, Mzee Andrea wa kwanza. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa wale waliohama, akaomba radhi huko pia. Tangu hapo, kila jioni alianza somo kwa kuwauliza watu habari za siku yao. Anayekosea alipewa muda, na mwenzake alimsaidia. Alimwomba Pili amfundishe alivyokuwa akifanya, na Pili akamfundisha bila kumringia.

Mwezi ulipokwisha, watu kumi na tisa walikuwa wanasoma kwake. Mwenyekiti hakulifunga darasa.

Ila mama yake hakurudi.

"Mama, nimebadilika," alimbembeleza.

"Najua, baba. Lakini kwako nitakuwa mama wa mwalimu. Kule kwa Pili mimi ni mwanafunzi. Nimepazoea."

Wivu ukamchoma tena, kidogo. Safari hii hakuukana wala hakuulisha.

"Basi nisomee mama, nisikie ulipofika."

Paskalia akafungua kitabu, akaanza kusoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kwenye mstari wa pili akakosea neno. Alois alilisikia kosa. Akanyamaza.

Mama akasita. Akarudisha kidole nyuma, akalisoma neno upya, akalipatia mwenyewe, na kuendelea.