Kelele za Buabua

Boti ya kisiwa ilikuwa ya umeme ili isiwashtue ndege, lakini siku hiyo ilinyamaza kupita kiasi. Meneja wa hoteli ya kisiwani aliagiza jokofu la vinywaji vya wageni lichomekwe kwenye betri, nalo likainyonya hadi tone la mwisho.

Ndipo tufani ikawavaa wote watatu wakiwa njiani kurudi kisiwani. Wimbi lilimbamiza nahodha ukingoni, mkono wake ukavunjika. Mvua ilipokatika, ukungu ulikuwa umemeza kila kitu, na mkondo ukiwavuta kuelekea bahari kuu.

"Tupige kasia huku," meneja alisema.

"Huku wapi, bosi? Tukikosea, ndiyo basi tena."

Aliyejibu alikuwa akiufunga mkono wa nahodha kwa mtandio wake. Miaka saba alikuwa akihesabu ndege wa kisiwa, na meneja alimwita Mama Vifaranga, kwa dharau. Mkobani mwa meneja mlikuwa na ramani ya vyumba vipya vya kifahari, vya kujengwa pale pale wanapotagia buabua, wale ndege wa baharini. Wageni walichoshwa na kelele zao.

Mama Vifaranga alitazama juu. Buabua mmoja akapita, mdomo mtupu. Akamwacha. Wa pili, mtupu. Wa tatu alipita chini chini, dagaa aking'aa mdomoni.

"Huyo! Anampelekea mwanawe chakula. Twende naye!"

"Roho yangu nimkabidhi ndege?"

"Likabidhi jokofu basi, bosi," nahodha akasema, meno ameyauma.

Meneja akashika kasia. Ukungu ulipommeza ndege mmoja, walimsubiri mwingine mwenye samaki. Malengelenge yakawapasuka viganjani. Meneja akanyoosha mkono kwenye mvinyo wa jokofuni.

"Utakukausha huo. Nyonya barafu," Mama Vifaranga akamzuia.

Alinyonya, akapiga kasia, akanyonya, akapiga. Mara akatulia.

"Sikilizeni!"

Mbele yao, ndani ya weupe ule, maelfu ya buabua walikuwa wakizozana kama soko zima. Meneja akacheka huku machozi yakimtoka. Walipiga kasia kuifuata kelele ile mpaka boti ikakwaruza mchanga, na watumishi wakaingia majini wakishangilia.

Asubuhi, mgeni mmoja alifika mapokezi amenuna.

"Hawa ndege hawanyamazi?"

Meneja, viganja vyake vimefungwa bandeji, alitabasamu.

"Hawanyamazi, wala hawahami. Ila ukitaka kuondoka, boti ipo. Betri imejaa."