Nitarudi na Mwezi

"Kaka, umekufa lini?"

Ryuhei aliinua macho. Alikuwa amebanana na bibi wawili kwenye bwawa la miguu mbele ya kituo cha basi cha Kagenoyu, suruali imebaki hotelini, mwilini ana yukata tu, joho jepesi la wageni, miguu mpaka magotini ndani ya maji moto. Ilikuwa siku ya soko. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mifereji, mayai yaliyochemshiwa kwenye chemchemi yalinuka kiberiti, na maua ya mwisho ya mcheri yalikuwa yakiangukia vichwa vya watu.

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenye kapu mkononi. Kimono chake kilikuwa na rangi ya majani ya chai, mikono imekunjwa na kufungwa kwa utepe mwekundu, kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Unaniambia mimi?"

"Nani mwingine? Yukata yako umeiweka upande wa kulia juu. Hivyo tunavisha maiti."

Bwawa zima likacheka. Bibi Iwase, aliyekuwa kulia kwake, alimpapasa bega. "Pole, marehemu. Ulikuwa kijana mzuri."

Ryuhei alijitazama, akaona haya, kisha akasema, "Basi kuzimu maji yao ni matamu."

Mwanamke yule hakutaka kucheka, lakini alicheka. Aliitwa Nanae. Mama yake ndiye aliyekuwa na nyumba ya wageni ya ghorofa tatu iliyo upande wa juu wa daraja, na yeye mwenyewe, kila asubuhi, alizunguka kijiji akikusanya mashairi.

Visanduku vya mbao vilitundikwa kila mahali: bafuni, darajani, dukani kwa muuza tofu. Zamani za babu zao mshairi mmoja alikuja kutibu kifua, akasema atakaa wiki moja, akafia hapo mzee. Wao walimwita Mwalimu tu. Tangu hapo watu wa Kagenoyu waligombana, wakaombana radhi na kuchumbiana kwa mistari mitatu mifupi.

Ryuhei alikuwa fundi wa lifti kutoka Osaka, ameletwa na maumivu ya mgongo. Hakuwahi kuandika ubeti hata mmoja, ila alipenda kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Siku zilizofuata alimbebea Nanae kapu na kumchosha kwa maswali.

"Kwa nini kila ubeti lazima uwe na neno la majira?"

"Ili msomaji ajue amesimama wapi. Ukitaja chura, tuko machipuko."

"Nyanya?"

"Kiangazi."

"Bata mwitu?"

"Baridi."

"Lifti?"

Nanae alifikiri kwa makini. "Lifti haina majira, maskini."

"Ndiyo maana mafundi wake hawaoi."

"Hawaoi kwa sababu wanavaa kama maiti."

Tangu siku hiyo akawa anamwita Marehemu, na Ryuhei alilipenda jina hilo kuliko lake. Jioni walikaa kwenye bwawa la miguu hata Bibi Iwase akaanza kuwahesabia vidole. "Mtakunjamana kama plamu za chumvi," alisema. "Oaneni mkauke."

Siku ya kuondoka basi lilikuwa limeshawasha injini. Juu ya mlima mwezi mwembamba ulikuwa umeanza kuonekana kabla jua halijatua.

"Utarudi?" Nanae aliuliza.

Ryuhei alitaka kusema kitu cha kufaa mahali pale. Aliutazama mwezi. "Nitarudi na mwezi. Nisubiri hapa hapa, bwawani."

Nanae naye aliutazama. "Mbali hivyo?"

Moyo wa Ryuhei uliruka. Siku chache tu mwezi ujae, na mwenzake tayari anaona mbali! "Si mbali, roho yangu, ukimpenda mtu."

"Basi nitasubiri," alisema Nanae.

Mwezi ulipojaa, Ryuhei aliomba ruhusa kazini, akapanda treni, akapanda basi. Hakupiga simu, alitaka amkute ameketi. Bwawani alikuwapo Bibi Iwase peke yake.

"Nanae? Ametoka na yule kijana Kurata, kwa gari. Kavaa kimono cha maua ya zambarau, kapendeza kama bibi harusi."

Ryuhei alisubiri mpaka basi la mwisho lilipofika, akapanda.

Kesho yake simu ililia akiwa ndani ya shimo la lifti.

"Marehemu wangu! Mbona kimya?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mjini, na Kurata. Weee, nilivyocheka jana! Nitakusimulia..."

"Niko kazini," alisema, akakata.

Hakupokea simu iliyofuata, wala ile nyingine. Nanae alikuwa na kiburi chake pia. Alimtumia ujumbe mmoja tu: *Sawa. Tutaonana na mwezi.*

Ryuhei aliusoma akakunja uso. Kumbe anamdhihaki. Aliufuta.

Kiangazi kikapita. Huko Kagenoyu mshenga alipanda ngazi za nyumba ya wageni, akihema, akaleta habari za mwana wa watengeneza sosi ya soya: mpole, ana meno mazuri.

"Utakutana naye lini?" mama aliuliza.

"Nipe mpaka mwezi, mama. Asipokuja, nitakunywa chai na huyo wa sosi, na sitalalamika."

Mama hakuuliza mwezi upi. Alitazama tu nje, majani ya mlimani yalikokuwa yakianza kuwa mekundu.

Siku ya mwezi huo ilipofika, Ryuhei alikuwa Osaka, anatoka kutengeneza lifti ya jengo la maduka. Kwenye duka dogo la vitafunio aliona vidonge vya unga wa mchele, vyeupe, vya mviringo, vimepangwa kama mlima, na kibao chenye neno moja: MWEZI.

"Mama," alimwambia muuzaji, "mbona mmeandika leo tu? Mwezi si upo kila mwezi?"

Yule mama alicheka. "Ule wa machipuko tunauita mwezi wa machipuko. Wa baridi, mwezi wa baridi. Ukisema mwezi, basi, ni wa vuli. Ni huu wa leo. Hata wanaotunga mashairi wanajua, mwanangu."

Ryuhei alikumbuka. *Mbali hivyo?* Nanae alikuwa amemuuliza waziwazi. *Tutaonana na mwezi.* Haikuwa dhihaka. Ilikuwa ahadi, naye aliifuta.

"Nifungie vyote," alisema, "na haraka, tafadhali!"

Treni ilikuwa imejaa, akasimama njia nzima, amekumbatia boksi. Alipopanda basi, alipiga simu. Iliita sana.

"Uko wapi?" aliuliza.

Ilisikika sauti ya maji. "Niko pale uliponiambia nikusubiri."

"Nanae, mimi mjinga."

"Hilo najua tangu yukata."

"Nilikuja ule wa machipuko. Bibi akasema umetoka na Kurata."

"Ulikuja?" Sauti yake ilipanda. "Kurata ni binamu yangu! Alinipeleka harusini! Na ukarudi bila kusema neno? Miezi yote hii nikidhani umepoa?"

"Nisamehe."

"Sijui. Mwezi unatoka sasa hivi, na mama amesimama darajani. Wewe uko wapi?"

Basi lilikata kona ya mwisho. Mvuke ulionekana, halafu bwawa, halafu mwanamke mwenye kimono cha rangi ya machungwa, kama tunda la kaki lililoiva, simu sikioni, miguu majini. Nyuma yake mwezi ulikuwa umetoa nusu ya uso juu ya mlima.

"Geuka," alisema Ryuhei.

Aliteremka na boksi lililobondeka. Alikuwa bado na nguo za kazi, zenye grisi. Walitazamana.

"Nimewaletea vitafunio," alisema. "Nanae, nyumba yenu ina ghorofa tatu, na wazee wanapanda ngazi kwa magoti. Nataka kuwafungia lifti. Halafu nibaki kuiangalia."

"Lifti moja utaiangalia miaka mingapi?"

"Mpaka unifunge yukata upande wa kulia juu, kwa haki."

Nanae alicheka akiwa na machozi. Alisimama ndani ya maji, akalishika shati lake na kuivuta kola, ya kushoto juu ya kulia, taratibu, kama anayemvika mtoto.

"Mama!" aliita kuelekea darajani. "Mwambie mshenga chai yake imepoa. Marehemu amefufuka!"