Mikate Iliyokataa Kuumuka

Maiti zilikuwa arobaini na mbili, zimepangwa juu ya meza, bapa na ngumu kama soli za viatu.

"Leo siku ya tatu," alisema Fakhruddin, mwenye bekari pale Kilindoni. "Mikate haiumuki. Mkamate huyu, afande."

Huyu alikuwa Furaha, mfanyakazi wake wa miaka sita. Alisimama kando ya tanuri, mikono imejaa unga.

Inspekta Anatory alibonyeza mkate mmoja kwa kidole. Haukubonyea.

"Anakanda nani?"

"Yeye peke yake."

"Furaha, una ugomvi na bosi wako?"

"Sina, afande. Ila wiki iliyopita alinigombeza, nikamjibu."

"Umesikia?" Fakhruddin alidakia. "Ametia kitu! Kazi hana tena, na kituoni aende."

"Hiyo ni dhana, mzee. Tuipime kwanza."

"Basi tubadilishe vyote! Unga, maji, hamira, na mkandaji."

"Tukibadilisha vyote, mkate utaumuka na hatutajua kilichokuwa kinauzuia," Inspekta alisema taratibu. "Tubadilishe kimoja kimoja."

Akapanga mabeseni matatu. Unga uleule, maji yaleyale, vipimo sawa, yote mahali pamoja. La kwanza alikanda Furaha kama kila siku, liwe la kulinganishia. La pili halikutofautiana na la kwanza, ila alikanda Fakhruddin. La tatu alikanda Furaha tena, ila kwa hamira mpya aliyoinunua Inspekta mwenyewe sokoni.

Wakayafunika, wakangoja. Parveen, mke wa Fakhruddin, alileta chai. Aliyatazama yale mabeseni kwa muda mrefu, chai ikapoa mkononi mwake.

Baada ya saa moja na nusu, Inspekta alifunua.

La kwanza lilikuwa limedorora. La pili, la Fakhruddin, vilevile.

"Bosi," Furaha aliuliza, "tunaongozana kituoni?"

La tatu lilikuwa limevimba hadi limeinua kitambaa.

"Si mikono ya mtu," alisema Anatory. "Ni hamira. Kopo lake hukaa wapi?"

"Nyumbani, kabatini. Furaha hupimiwa asubuhi."

"Nani humpimia?"

Fakhruddin alimtazama mkewe. Wote wakamgeukia Parveen.

"Mama, hamira imefanywa nini?" Inspekta aliuliza.

"Niliikaanga."

"Uliikaanga?"

"Kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Ukiitazama huijui. Lakini imekufa."

"Parveen!" Fakhruddin alipaza sauti. "Nimekukosea nini?"

"Mwezi uliopita ulianguka hapa mbele ya tanuri. Daktari akakuandikia wiki mbili za mapumziko. Kesho yake ukawa unakanda! Nimesema, nimelia, hukusikia. Nikaona mikate ikiharibika utafunga, utapumzika." Akamshika Furaha mkono. "Sikudhani atakusingizia wewe. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kusema tangu asubuhi."

"Ulipaswa, mama," alisema Furaha, lakini hakuuondoa mkono.

Inspekta alifunga daftari. "Mlalamikaji anasemaje?"

"Naondoa malalamiko." Fakhruddin alikaa juu ya gunia la unga, ghafla akaonekana mchovu. "Furaha, nimekuvunjia heshima. Nisamehe. Kesho tuanze upya."

"Nimekusamehe, bosi. Ila kesho naanza mimi. Nikikuona mlangoni kabla ya wiki mbili kwisha, namwita afande."

"Piga simu saa yoyote," alisema Inspekta Anatory.